Chicago mwezi wa saba na bi mkubwa: anzieni ziwani

Ndugu yangu, swali lako nimelisoma vizuri. Unatoka Tanga na bi mkubwa, yaani mama yako, mnafika Chicago mwanzoni mwa mwezi wa saba kwa siku kumi, mnafikia kwa kaka yako Edgewater, mchana yeye yuko kazini, na mfuko si mpana. Walionitangulia kukujibu wamekutajia maghorofa mengi. Mimi naishi Rogers Park, mtaa wa jirani kabisa na hapo mtakapofikia, na nakushauri kitu kingine: siku zenu zipangeni kwa kulifuata ziwa na hali ya hewa, katikati ya jiji mwende mkiwa na jambo maalumu. Chicago ya kiangazi iko nje, na sehemu yake nzuri kuliko zote hailipiwi.

Kwanza mzoeeni mwanga. Wakati huo jua linachomoza kama saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, na linazama karibu saa mbili na nusu usiku. Kama mnaswali, mjue Isha inaingia baada ya saa nne usiku na Alfajiri inaingia kabla ya saa kumi, kwa hiyo usingizi unagawanyika na mtahitaji kulala kidogo mchana. Isitoshe, Chicago iko nyuma ya Tanga kwa saa nane. Siku mbili tatu za mwanzo bi mkubwa ataamka usiku wa manane akiwa macho makavu. Msipigane na hali hiyo. Vaeni masweta, shukeni taratibu hadi ufukweni, jua huku kwetu linatokea majini, upande wa mashariki. Saa hiyo kuna wakimbiaji na wazee wanaotembeza mbwa tu, na hewa ni safi sana.

Ufukwe wa kwenda ni ule ambao jina lake rasmi ni Kathy Osterman, wenyeji tunauita Hollywood Beach. Kutoka kituo cha treni cha Bryn Mawr ni mwendo mfupi wa mguu. Maji yake hayana kina karibu na ufukwe, na ndiyo maana familia zenye watoto zinaupenda. Ziwa Michigan kwa eneo ni dogo kuliko Ziwa Victoria, lakini kina chake kinafika mita 281, zaidi ya mara tatu ya kile cha Victoria, na maji yake yanachelewa kupata joto. Mwanzoni mwa Julai bado yanaweza kukukata pumzi. Tena upepo ukiyasukuma maji ya juu kutoka ufukweni, yale ya baridi ya chini yanapanda. Jana mliogelea vizuri, leo hayaingiliki. Tazameni bendera: ya kijani ingieni, ya njano kuwa mwangalifu, nyekundu msitie hata mguu. Waokoaji wanakuwepo kuanzia saa tano asubuhi hadi saa moja jioni. Nakusisitizia hili kwa sababu watu wa pwani huwa tunajiamini majini, na ziwa hili kila mwaka linaua watu, hasa karibu na kuta za zege ambako mawimbi yanarudi kwa nguvu.

Kandokando ya ziwa kuna njia ya kilomita 29 hivi, kutoka kaskazini hadi kusini mwa jiji. Sehemu kubwa imegawanywa: upande wa baiskeli na upande wa watembea kwa miguu. Bi mkubwa asisimame upande wa baiskeli kupiga picha, wanakuja kasi. Jumamosi au Jumapili mwambie kaka yako awapeleke bustani ya Montrose kando ya ziwa, ambako familia za kila taifa zinakuja na majiko yao ya mkaa na kuchoma nyama tangu asubuhi. Mkaa uliokwisha una mapipa yake maalumu, usimwagwe chini ya mti. Pombe katika bustani za jiji hairuhusiwi.

Sweta nimelitaja makusudi. Jirani na maji panaweza kuwa na baridi kuliko mtaani ndani kwa nyuzi tano au zaidi, siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo. Lakini pia joto la Julai hapa lisidharauliwe na mtu yeyote kwa kuwa katoka Tanga. Mwaka 1995, mwezi huo huo wa Julai, wimbi la joto liliua zaidi ya watu 700 katika jiji hili, wengi wao wazee waliokuwa peke yao vyumbani. Nyumba za matofali zinahifadhi joto usiku kucha. Muulize kaka yako leo kama kuna kiyoyozi katika chumba atakacholala mama. Siku joto likizidi, nendeni mkakae maktaba ya Edgewater pale Broadway, ni bure na kuna ubaridi. Na mkisikia ving'ora vinalia jiji zima saa nne asubuhi, Jumanne ya kwanza ya mwezi, ni majaribio. Vikilia siku nyingine, ingieni ndani mara moja mkae mbali na madirisha.

Usafiri: kwa mtu mwenye magoti mazee mimi nachagua basi kuliko treni. Mabasi yote ya jiji yana daraja dogo la kupandia na dereva analiteremsha ukimwomba, ilhali si vituo vyote vya treni vyenye lifti. Bryn Mawr imejengwa upya na lifti ipo, lakini ulizeni kwanza kuhusu kile mtakachoshukia. Mtalipa kwa kadi ya Ventra, ile ya usafiri wa jiji, au kwa kugusisha kadi ya benki. Mkienda mjini pandeni basi namba 147 barabara ya Sheridan, na mkae kushoto. Kuanzia barabara ya Foster basi hilo linaingia barabara ya ziwani na haliteremshi mtu mpaka Michigan Avenue. Njia nzima mnaona maji kushoto na maghorofa yanakua mbele yenu. Kuna watu wanalipia basi la watalii wapate mandhari hayo hayo.

Barabara hiyo tangu mwaka 2021 inabeba jina la Jean Baptiste Point DuSable. Mweleze mama alikuwa nani: mfanyabiashara mweusi aliyejenga makazi kwenye mdomo wa mto Chicago katika miaka ya 1780, na ndiye anayehesabiwa mwasisi wa jiji hili. Wakazi weusi walidai kwa miaka mingi atambuliwe. Makumbusho yenye jina lake, yaliyoanzishwa mwaka 1961, yako Washington Park upande wa kusini, na mtu wa kwetu akiingia humo anaielewa Marekani kwa namna ambayo ghorofa la vioo halitamwonyesha.

Sasa, kama pesa inatosha kiingilio kimoja tu cha makumbusho, nakuomba iwe Field Museum. Humo wamo simba wawili wa Tsavo, wenyewe hasa, wale waliokula vibarua wa reli ya Uganda mwaka 1898 pale daraja la mto Tsavo lilipokuwa linajengwa. Ni madume, lakini hawana manyoya ya shingoni. Mhandisi Patterson aliyewaua alizitandika ngozi zao sakafuni kwake kwa miaka kama 25, kisha mwaka 1924 akaziuza kwa makumbusho haya ya Chicago kwa dola 5,000. Ngozi zilikuwa zimekatwa na kuchakaa, kwa hiyo hao unaowaona kwenye kioo ni wadogo kuliko walivyokuwa hai. Patterson alidai waliua watu 135. Utafiti wa mwaka 2009 uliopima mifupa na nywele zao ulikadiria kama 35. Wahindi na Waafrika waliokufa pale wengi hawana hata jina katika maelezo ya makumbusho yoyote. Mimi kila nikisimama mbele ya kioo kile nawafikiria wao kwanza, simba baadaye. Mama yako akitoka ukanda wa Tanga, ambako reli yetu wenyewe ilijengwa kwa jasho la namna hiyo, naamini atakuwa na la kusema. Kiingilio kwa mgeni mtu mzima ni karibu dola 30, wazee wana punguzo. Siku za bure mtakazoona zikitangazwa ni za wakazi wa Illinois.

Mkitoka hapo msikimbilie basi. Fuateni ile rasi inayokwenda hadi Adler Planetarium, jumba la maonyesho ya nyota, mkae kwenye nyasi jioni. Jiji zima liko mbele yenu na jua linashuka nyuma yake. Baada ya hapo sioni sababu ya kulipia lifti ya ghorofa lolote. Pesa hiyo iwekeni kwenye boti ya usanifu majengo mtoni, saa moja na nusu hivi ya kukaa kitini huku mwongozaji anaeleza kila jengo. Ni ghali kidogo lakini kwa mzee asiyeweza kutembea sana inalipa. Sikilizeni habari ya mto wenyewe: mwaka 1900 waliugeuza utiririke kinyume, ukiondoka ziwani, kwa sababu maji machafu yalikuwa yanaingia kwenye maji ya kunywa.

Jioni, nendeni Millennium Park, bustani ya katikati ya jiji. Kuanzia katikati ya Juni hadi katikati ya Agosti kuna muziki wa okestra katika jukwaa la Pritzker, kwa kawaida Jumatano, Ijumaa na Jumamosi, na kukaa kwenye nyasi ni bure. Chukueni mkeka na chakula chenu. Grant Park iko hapo hapo. Ndipo Mkenya Kelvin Kiptum alipomalizia marathoni yake ya Oktoba 2023 kwa saa 2:00:35, rekodi ya dunia ya wakati huo, miezi michache kabla ya kifo chake. Fataki za Navy Pier, gati la burudani ziwani, hurushwa Jumatano na Jumamosi usiku. Tena mwandae mama mapema kwa tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani: mitaani watu wanalipua fataki zao wenyewe hadi usiku wa manane, na mlio wake mtu mgeni anaudhania bunduki.

Chakula. Siku mtakapochoka na vya hapa, pandeni basi namba 155 kwenda Devon Avenue. Ni mtaa wa Wahindi na Wapakistani, kuna kibao cha barabara chenye jina la Gandhi na mbele kidogo chenye jina la Jinnah, mwasisi wa Pakistan, na harufu ya biriani, chapati na chai ya maziwa itamrudishia bi mkubwa hamu ya kula. Nyama halali ipo tele, lakini ulizeni kila mkahawa. Unga wa ugali unapatikana kwenye maduka ya Kiafrika ya huku kaskazini, na huko huko mtasikia Kiswahili cha ndugu zetu wa Kongo. Piza nene ya Chicago jaribuni mara moja, na muulize kama ina nguruwe, maana mara nyingi soseji yake ni hiyo. Inachukua zaidi ya nusu saa kuiva. Kumbuka bei ya kwenye menyu haina kodi, na mhudumu anategemea bakshishi ya asilimia 18 hadi 20. Hayo si matakwa ya mtu mwenye tamaa, ndiyo sehemu kubwa ya kipato chake.

Mtaambiwa msiende upande wa kusini kabisa. Mimi sikubaliani. Uhalifu upo na unaumiza watu, lakini umekusanyika katika mitaa fulani, na anayeubeba zaidi ni mkazi wa hapo, si mgeni wa mchana. Pandeni basi namba 6 hadi Hyde Park, mtaa aliokuwa akiishi Obama kabla ya kuingia Ikulu. Kaeni Promontory Point kwenye yale mawe makubwa ya ngazi yanayoshuka majini. Wazee wa pale huogelea kila asubuhi ya kiangazi na ni wepesi wa kuzungumza. Mkisema mnatoka Tanzania hamtaondoka haraka. Tahadhari ni zile zile za jiji kubwa: simu isikae mkononi karibu na mlango wa treni, na usiku msiingie behewa tupu.

Ijumaa mkiwa mjini na mnataka kuswali, msikiti wa Downtown Islamic Center uko barabara ya State, karibu na vituo vya treni.

Kabla ya kuondoka Tanga, mkatie mama bima ya afya ya safari na usome inafunika nini. Kwenda hospitali hapa bila bima kunaweza kumwachia kaka yako deni la miaka. Dawa zake zikae kwenye begi la mkononi, pamoja na cheti cha daktari kilichoandikwa kwa Kiingereza.

Umeuliza pia kama mnaweza kwenda Niagara na kurudi siku hiyo hiyo. Hapana, ni mwendo wa gari wa saa nane au tisa kwenda tu. Kama kaka yako ana siku moja ya mapumziko, awapeleke Indiana Dunes, kama saa moja hivi kwa gari msipokutana na foleni. Ni hifadhi ya taifa yenye vilima vikubwa vya mchanga kando ya ziwa hili hili. Ondokeni mapema asubuhi, maegesho hujaa wikiendi, na siku ya anga safi mtaona maghorofa ya Chicago ng'ambo ya maji.