Kodi ya majengo isomwe mtaani ilikokatwa

Wiki hii mmeuliza kama kodi ya majengo inayokatwa kupitia LUKU, yaani tunaponunua umeme wa kulipia kabla, inazisaidia halmashauri zetu. Mimi naishi Ilomba, hapa Mbeya. Naona LUKU imerahisisha kukusanya, lakini imemweka mlipaji mbali na halmashauri yake.

Kwa sheria ya mwaka 1983 kodi hii ilikuwa ya mamlaka za miji zenyewe. Mwaka 2016 ukusanyaji ukahamishiwa TRA, Mamlaka ya Mapato, na tangu Agosti 2021 tunakatwa kwenye umeme: nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, ghorofa 5,000 kwa kila sakafu. Mwaka 2023 zikawa 1,500 na 7,500. Foleni zimekwisha na kukwepa kumekuwa kugumu, na hilo nalisifu kwa moyo wote.

Ila tazameni mzigo unamwangukia nani. Nyumba nyingi za kupanga huku kwetu, mwenye nyumba anaishi kwingine, mita iko koridoni, na wapangaji wanachangishana umeme. Mama anayeuza ndizi sokoni Mwanjelwa akinunua umeme wa 5,000 mwezi unapoanza, 1,500 inaondoka kwanza, na iliyobaki nayo inapunguzwa na VAT na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji). Wasiponunua miezi mitatu, deni linawasubiri kwenye mita. Kisheria anayedaiwa ni mwenye jengo, na mpangaji anapaswa kurudishiwa. Sasa nani ataenda kumdai baba mwenye nyumba 1,500 wakati kodi ya chumba yenyewe imechelewa? Watu wananyamaza, wanaendelea kulipa jengo lisilo lao.

Halafu nyumba ya vyumba viwili iliyochoka bati inalipa sawa na ya vyumba sita yenye marumaru na uzio, ilimradi zote si ghorofa. Sioni haki hapo.

Kinachoniuma zaidi ni ukimya baada ya kukatwa. Kwenye mkutano wa mtaa tunasomewa fedha za ulinzi shirikishi na za gari la taka, hadi nani hajatoa. Kodi ya majengo haisomwi. Ukimuuliza mwenyekiti, hana karatasi yoyote mkononi. Masika mtaro ukijaa tope na maji kuingia majumbani, tunachangishwa upya kuuzibua, na hapo ndipo watu wanapouliza kwa hasira ile ya LUKU ilikwenda wapi. Wana haki ya kuuliza.

Kila mita inajulikana iko mtaa gani. Basi kila robo mwaka halmashauri ibandike kwenye ofisi ya mtaa: hapa kwenu zimekatwa kiasi hiki, zilizorudi jijini kutoka serikali kuu ni hizi, zimefanya kazi hii. Mtendaji naye apewe fomu ya mpangaji kuonyesha alichokatwa, ili kipunguzwe kwenye kodi ya chumba bila ugomvi. Mwaka ujao wakitaka kupandisha tena, waanze kwanza na hilo.