Barua kwa mwanangu mashoto

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema mwenye bendi mnayopiga nayo harusini amechoka kukuona ukipangua seti ya dramu kila zamu yako inapofika, na sasa amekupa mwezi mmoja ujifunze kupiga kama wenye mkono wa kulia. Kisha ukauliza: “Baba, kuna mashoto yeyote aliyewahi kupata riziki kwa dramu?”

Yupo, tena umelala na mapigo yake tangu utotoni, kwenye ile kaseti yangu ya The Beatles, kundi la Waingereza, iliyokuwa ikitafunwa na redio upande wa pili. Ni Ringo Starr. Jina alilopewa nyumbani ni Richard Starkey, mzaliwa wa Liverpool, Julai 1940, mtaa wa kimaskini uitwao Dingle. Alizaliwa mashoto, bibi yake akamlazimisha kutumia mkono wa kulia kwa kuamini kuwa wa kushoto una mkosi. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka bibi yako, mwiko mkononi, akikuvizia uguse ugali kwa mkono “ule”. Nami nilikuwa nimekaa palepale, nakula, kimya. Niwie radhi.

Shule ilimpita kwa maradhi. Karibu atimize miaka 7 kidole tumbo kilimpasukia, akakaa hospitalini kama mwaka mzima. Alipofika 13 ikaja kifua kikuu, akalazwa takriban miaka miwili. Huko walikuwa wakiletewa vyombo vya muziki ili wagonjwa watoto wasichoke, na yeye asipopewa ngoma hapigi kitu. Krismasi ya 1957 baba yake wa kambo akamletea seti ya mtumba. Ilikuwa imepangwa kwa ajili ya mkono wa kulia, naye akaketi nayo hivyohivyo ilivyokuja.

Hapo ndipo nataka usikilize. Kaa kwenye seti isiyogeuzwa, uzungushe mapigo kutoka sneya, ile ngoma ya mbele yako yenye mlio mkali, upite ngoma ndogo, umalizie kwenye ile kubwa iliyosimama kulia kwako. Mwenye mkono wa kulia anatangulia kwa mkono huohuo na njia iko wazi. Ringo anatangulia kwa kushoto, kwa hiyo mkono lazima uvuke mwenzake. Ule muda mdogo wa kuvuka unauchelewesha mpigo, na uzito unaangukia mahali usipopategemea. Sikiliza “Come Together” ya 1969, zile ngoma nzito, butu, alizozifunika taulo za jikoni. Mimi nilipiga kopi, nyimbo za wengine, kwenye hoteli za Diani miaka minane, mkono wangu wa kulia mzuri kabisa, na wimbo ule sikuuweza. Mapigo yote nilikuwa nayo. Hayakukaa.

Usidhani alipokewa kwa zulia. Aliingia The Beatles Agosti 1962. Septemba, wakirekodi “Love Me Do”, prodyuza George Martin akamleta Andy White apige dramu, Ringo akakabidhiwa tari. Februari 1964 Wamarekani wapatao milioni 73 walimwona kwenye televisheni akitikisa kichwa. Wasemao alikuwa na bahati tu, mimi huwatajia Jimmie Nicol. Juni mwaka ule Ringo aliugua mafindofindo, Nicol akakalia kiti chake Denmark, Uholanzi, Hong Kong na Adelaide. Alikuwa mpigaji hodari. Ringo alipopona, Nicol aliagwa kwa saa ya dhahabu, na mwaka uliofuata akatangazwa muflisi.

Agosti 1968 Ringo mwenyewe alisusa, akaona hapigi vizuri na hawamtaki. Alipokaa karibu wiki mbili wenzake wakamrudisha, akaikuta seti imepambwa maua. Hilo la kususa usiliige. Mwenye bendi yenu haonekani mtu wa maua.

Kundi lilipovunjika 1970 wengi walimhesabu amekwisha. Akatoa “Photograph” na “You're Sixteen”, zote zikafika namba moja Marekani. Miaka ya themanini watoto wa Uingereza walimjua kama msimulizi wa Thomas, yule treni wa hadithi za watoto kwenye televisheni. Pombe nayo ilimla hasa, mpaka 1988 yeye na mkewe, Barbara Bach, wakaenda kutibiwa. Mwaka uliofuata akaunda bendi ya wakongwe wenzake, All-Starr Band, na hata baada ya kuvuka miaka 80 ameendelea kusafiri nayo. Na katika miaka yote ya The Beatles alirekodi solo moja tu ya dramu, yaani kupiga peke yake, kwenye wimbo “The End”, tena kwa kubembelezwa.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: seti usiigeuze, na mkono usiubadilishe. Mwenye bendi atapata utulivu wake, nawe utabaki na mkono wako. Yale matoazi pacha ya mguu yako kushoto kwako tayari, yapige kwa mkono huohuo bila kuvusha. Ringo aliyapiga kwa kulia, lakini huna haja ya kumfuata kila kitu. Wiki mbili za kwanza utagonganisha vijiti.

Jumamosi njoo. Sneya yangu bado ipo stoo, ngozi ya juu imechanika, kwa hiyo pitia dukani ununue nyingine ya inchi 14. Bibi yako atakuwepo. Mwambie unakuja kula.

Baba yako