Jirani Anafuga Mbwa Ghorofani Kinyume cha Mkataba: Je, Inafaa Kumwekea Sumu?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi na mama yangu tumepanga ghorofa ya tatu huku Upanga, Dar es Salaam. Mkataba wa pango unakataza kufuga mnyama wa aina yoyote. Jirani wa juu yetu, mama wa Kikristo aliyefiwa na mumewe, amefuga mbwa tangu mwaka jana. Anabweka usiku, na mara mbili tumekuta mkojo kwenye ngazi. Mama yangu ana pumu, na kila akitoka darsa anafua pindo la baibui mara saba, moja kwa udongo. Kopo la udongo sasa linakaa mlangoni mwa bafu. Kwenye kundi la WhatsApp la Waislamu wa jengo letu, ndugu mmoja ameleta hadithi kwamba Mtume (S.A.W.) aliamrisha mbwa wauawe. Kwa kuwa mbwa huyo hupita mlangoni kwangu kila asubuhi, wameniomba mimi niweke nyama yenye sumu ya panya. Nimekataa, wakasema imani yangu ni dhaifu. Je, nina dhambi? Na nikimshtaki kwa meneja wa jengo, nitakuwa nimemsengenya? Mimi nina paka, lakini paka ni tohara, nadhani hahusiki katika hili.

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullah, binti yangu. Huna dhambi hata chembe. Ulipokataa uliitetea dini yako, na waliokwambia imani yako ni dhaifu ndio wanaopaswa kuomba toba. Swali lako nimelitanguliza mbele ya mengine yaliyokuwa mezani, kwa sababu nimeogopa nikichelewa atapatikana mwingine wa kuiweka hiyo nyama.

Hadithi waliyokuletea ni sahihi, imo katika kitabu cha hadithi cha Sahihi Muslim kutoka kwa sahaba Jabir. Kosa lao ni kwamba wameikata katikati. Jabir anasema Mtume aliwaamrisha kuua mbwa, hata mwanamke alikuwa akija kutoka jangwani na mbwa wake, wakamuua mbwa huyo. Kisha, anasema Jabir huyo huyo, Mtume akakataza kuwaua. Neno hilo "kisha" ndilo hukumu. Baada yake aliyebaki katika amri ya kuuawa ni mbwa mweusi mwenye madoa mawili peke yake, na Imam Nawawi, mwanazuoni wa Kishafii, katika ufafanuzi wake wa Sahihi Muslim amenukuu kutoka kwa mwanazuoni Imamul Haramayn kwamba sharia ilitulia hatimaye juu ya kukataza kuua mbwa yeyote asiyedhuru, hata huyo mweusi. Aliyebaki kuruhusiwa kuuawa ni mbwa mkali anayerarua watu, na mwenye kichaa. Sasa niambie, mbwa anayeshuka ngazi asubuhi nyuma ya mama mzee ameng'ata nani? Mtu anayesoma nusu ya kwanza ya hadithi na kuificha ya pili anamzulia Mtume, hata kama kila neno alilolitamka limo kitabuni.

Na tuseme, kwa kubishana tu, kwamba angekuwa ni wa kuuawa. Mtume amesema katika hadithi ya Shaddad bin Aws kwamba Allah ameandika wema katika kila kitu, mkiua basi ueni vizuri, mkichinja basi chinjeni vizuri. Je, sumu ya panya ni kuua vizuri? Nimewahi kumwona mbwa aliyelishwa sumu, zamani nikiwa kijana. Alikaa tangu adhuhuri hadi magharibi akijikunja kwenye mchanga na povu mdomoni, na sisi watoto tumemzunguka. Yule mwanamke aliyeingia Motoni kwa ajili ya paka hakumpa sumu, alimfungia tu bila chakula wala kumwacha ajitafutie. Na aliyemnywesha mbwa maji kwa kiatu chake akasamehewa dhambi zake. Tunazisimulia hadithi hizi mbili madrasa kwa watoto wa miaka saba, halafu tukikua tunaandikiana habari za sumu kwenye simu.

Wapo watakaokwambia: katika madhehebu yetu ya Shafii mbwa hana thamani, hauzwi, na aliyemuua halipi kitu, kwa hiyo hakuna dhuluma. Hoja hii nimeisikia hata kwa watu wenye vilemba. Kutokuwa na bei sokoni hakumaanishi kuwa ni halali kumtesa, wala hakufuti machozi ya mwenye mbwa. Mtu hana bei pia. Halafu nyama hiyo ingewekwa ngazini, mahali ambapo mtoto anaweza kuiokota, na paka wako pia. Na nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Wangekupeleka polisi wewe, binti wa Kiislamu, kwa jina la Mtume, na mama wa Kikristo angebaki akijua Uislamu kwa harufu ya sumu. Mtume amekula kiapo mara tatu kwamba hajaamini yule ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake, na hakusema jirani Muislamu. Sahaba Abdullah bin Amr kila alipochinjiwa mbuzi nyumbani aliuliza kwanza: mmemgawia jirani yetu Myahudi?

Haya yote hayamfanyi jirani yako kuwa na haki. Amevunja mkataba, anawaudhi watu usiku, na mkojo kwenye ngazi za watu wote ni madhara ya wazi. Kumshtaki kwa meneja si kusengenya. Nawawi ameitaja hali ya mwenye kudhulumiwa anayemweleza mtu mwenye uwezo wa kuondoa dhuluma kuwa miongoni mwa hali 6 ambazo mtu hahesabiwi kuwa amesengenya. Na ipo hadithi katika kitabu cha Abu Daud ya mtu aliyemlalamikia Mtume kuhusu jirani yake. Akaambiwa asubiri. Akarudi, akaambiwa asubiri. Aliporudi tena akaambiwa: nenda katoe vitu vyako uviweke njiani. Watu wakawa wanamuuliza, naye anaeleza, mpaka jirani akaja mwenyewe kumwomba arudi ndani. Uone mpangilio wake, subira imetangulia, kisha malalamiko ya wazi, mchana kweupe, na aliyelalamika anajulikana. Hakuna aliyejificha. Kinachokatazwa ni kumpiga picha mlangoni na kuzirusha kwenye kundi, kutega masikio ukutani, kumpa jina la kejeli. Hayo ndiyo upelelezi na usengenyaji uliokatazwa katika Suratul Hujurat.

Lakini binti yangu, kabla hujapanda kwa meneja, tuzungumze habari za paka. Umemtaja mwishoni, kwa mstari mmoja, na ninadhani moyo wako ulijua kwa nini.

Paka ni tohara, hilo halina ubishi. Sahaba Abu Qatada alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu akanywa. Lakini mkataba haukuuliza tohara. Umesema mnyama wa aina yoyote, na wewe ukatia saini. Najua jibu linalozunguka mjini siku hizi, hata mimbarini limefika: Mtume amesema Waislamu wako juu ya masharti yao, isipokuwa sharti linaloharamisha halali, paka ni halali, basi sharti ni batili. Hii ni kuchezea maneno ya Mtume. Mwenye nyumba hakusema paka ni haramu katika dini ya Allah. Amesema, katika nyumba yangu usimfuge. Ni kama anavyokukataza kugonga misumari ukutani, na msumari pia ni halali. Kukubali kuacha jambo la mubaha, yaani lililoruhusiwa bila kulazimishwa, kwa muda wa pango si kuliharamisha, vinginevyo hakuna mkataba duniani utakaosimama. Sharti batili ni kama akikukodisha kwa masharti usiswali, au umuuzie pombe. Allah amesema: "Enyi mlioamini! Timizeni ahadi", na hakusema timizeni zile zinazowabana majirani zenu.

Kwa hiyo nenda kwa meneja, ila kwanza kwa jambo lako. Mwambie ukweli kuwa unaye paka, umwombe idhini kwa maandishi. Huenda akakubali, kwa sababu ya panya. Akikataa, mtafutie paka makao kwa ndugu au rafiki, usimtupe sokoni. Ukishafanya hivyo utasema la mbwa bila kuinamisha macho.

Na ningependa kabla ya yote upande ghorofa moja ubishe hodi. Jumapili alasiri si vibaya, akishatoka kanisani. Chukua sahani ya vitumbua. Mwamkie kama unavyowaamkia wakubwa, kisha mwambie mama yako ana pumu, hapati usingizi, na ngazi zimechafuliwa mara mbili. Umeandika kuwa amefiwa na mumewe na kwamba mbwa amekuja mwaka jana. Sijui kipi kilitangulia, lakini nahisi. Mwanamke anayelala peke yake kwenye nyumba yenye vyumba vitatu anaweza kumweka mbwa ili asikie pumzi nyingine ndani. Muulize kama mbwa amechanjwa kichaa. Mwombe amshushe mapema kabla watu hawajaanza kutoka, na atembee na dekio lake. Huenda hajawahi kuambiwa chochote na mtu yeyote uso kwa uso. Mkikaa mwezi hakuna kilichobadilika, peleka malalamiko yako kwa maandishi ukiweka jina lako, na uamuzi uwe wa meneja.

Imebaki habari ya mama yako, ambaye nimemfikiria zaidi kuliko wote. Mpe salamu zangu. Kwetu Mashafii unyevu wa mbwa ni najisi nzito, ni kweli, na kinachohakikishwa kupatwa nao kinafuliwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini neno ni kuhakikisha. Kikavu kikigusa kikavu hakuna kinachohama. Ngazi ikiwa na maji asubuhi, asili yake ni maji ya mlinzi aliyepiga deki, mpaka aone kwa macho yake kuwa ni vinginevyo, kwani yakini haiondoki kwa shaka. Sahaba Ibn Umar anasimulia kwamba mbwa walikuwa wakipita msikitini zama za Mtume, na watu hawakunyunyizia maji kwa ajili ya hilo. Hakuna anayemtaka mwanamke mwenye pumu ainame bafuni kila siku akisugua pindo kwa dhana.

Swala zake zote alizoswali ni sahihi, asirudie hata moja. Na lile kopo, mchukulie taratibu, umwage udongo wake kwenye chungu cha maua.

Wallahu aalam.