Nilikuja kupiga udi, naosha sahani

Mdogo wangu, voisi yako ya dakika 6 nimeisikiliza yote, pamoja na adhana ya magharibi na yule muuza urojo anayegombana na mteja nyuma yako. Umezunguka sana lakini swali nimelipata: ni kweli nalipwa pauni kwa kucheza gemu? Na kama ni kweli, mbona mlango wa Bibi bado unafungwa kwa kamba? Hilo la mlango najua si lako, umetumwa na Ami. Mpe salamu zangu.

Mie nilituma picha moja tu, nimevaa hedifoni mbele ya skrini 2. Ilitoka Mwembetanga, hapo hapo Unguja, ilipofika Bububu watu wanasema nimeshakuwa na gari.

Siku ya picha ile nilikuwa nachagua nyayo. Ndiyo, sauti za nyayo za mtu anayetembea. Nilikuwa Dundee, Uskoti, kwenye studio ndogo ya gemu, wiki 6 za mafunzo yanayohesabiwa ndani ya kozi yangu ya muziki, bila mshahara. Mtu wa kwenye gemu akikanyaga mbao kwa sauti ile ile, hatua ya 4 tu sikio limeshamchoka. Kwa hiyo unarekodi hatua 10 au 12 kwa kila sakafu, halafu programu inazichanganya. Theluji hatukurekodi theluji, tuliminya unga laini wa mahindi ndani ya mfuko wa ngozi. Mfupa unaovunjika ni karoti. Kwato za farasi ni vifuu vya nazi, na hapo ndipo nilipopata heshima yangu ya kwanza nchi hii. Walinunua nazi dukani wakawa wanaihangaikia kwa msumeno. Nikaichukua, nikaizungusha kiganjani, nikaigonga kwa mgongo wa kisu mara 3, ikafunguka pande mbili sawasawa. Wakanipigia makofi. Miaka 4 nimehangaika na mahadhi ya rast na bayati pale DCMA, chuo chetu cha muziki, nimekuja kupigiwa makofi kwa kuvunja nazi.

Lakini nisikudanganye, kazi yenyewe naipenda. Muziki wa gemu haujui utaisha lini, maana mchezaji anaweza kukaa chumba kimoja dakika 2 au saa 2. Unautunga kwa tabaka: nyuzi za udi peke yake mtu akitembea, adui akikaribia ngoma ya dumbak inaingia, akikimbia fidla zinapanda. Wenzangu darasani walilihangaikia jambo hili muhula mzima. Mie nilicheka. Kwenye taarab, mama akitoka kitini na noti yake ya pesa, anacheza polepole kuelekea kwa mwimbaji, sisi tunafanya nini? Tunazungusha kiitikio mpaka atunze, arudi, akae. Hatumuharakishi. Hiyo ndiyo gemu, mdogo wangu, tofauti ni kwamba huku hakuna anayekuja na noti.

Na hapo ndipo penye kidonda changu, kwa hiyo mengine nayaruka. Baridi utaambiwa na kila mtu.

Viza yangu ya mwanafunzi inaniruhusu kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Naweza kufagia, kubeba maboksi, kuosha vyombo. Siruhusiwi kujiajiri, wala kuajiriwa kama mtumbuizaji. Soma tena. Nimekuja kusoma muziki, na kitu nisichoruhusiwa kulipwa ni muziki. Kazi nyingi za sauti za gemu nazo wanapewa waliojiajiri: anakuja mtu, anataka dakika 3 za muziki, unampa, anakulipa, basi. Mie wakinitafuta nasema asante, bado. Wameshanitafuta wawili.

Mwezi wa kumi na moja mzee mmoja wa Yemen alinisikia nikipiga kwa rafiki yangu, Glasgow, akanitaka kwenye harusi ya mwanawe. Pauni 200. Nikamwambia, samahani mzee, siruhusiwi. Akadhani nasema muziki ni haramu, akanishika bega, akaniombea dua. Niliona haya kumsahihisha.

Harusi ikaangukia ukumbi ule ule ninaooshea vyombo. Jumamosi nimesimama nyuma ya mlango wa jiko, mikono kwenye povu mpaka viwiko, nalipwa pauni 12 na ushei kwa saa, kihalali kabisa, na huko ukumbini kuna mtu anapiga udi, uzi wa pili umelegea. Usiku kucha umelegea! Kila akiugusa mie nakunja uso, na mpishi ananiuliza kama maji ni ya moto sana.

Siku nyingine mwalimu akatuwekea darasani Baba Yetu, wimbo wa Christopher Tin wa kwenye Civilization IV, gemu ya 2005. Ni sala ya Wakristo, imeimbwa kwa Kiswahili, na mwaka 2011 ikawa muziki wa kwanza wa gemu kupata tuzo ya Grammy. Wote wakanigeukia: hii si lugha yako? Wakaniomba niwafundishe kutamka. Mtoto wa madrasa, nimesimama mbele ya darasa Uskoti nafundisha "uliye mbinguni". Nilifurahi, wallahi. Halafu nikaenda zamu.

Sasa wewe unaniuliza uje au usije. Usije. Una fidla, una kompyuta ya skuli, programu ya kurekodia ya Reaper unaijaribu siku 60 bila kulipa, na Unguja hakuna ofisa wa uhamiaji wa kukuzuia kuuza dakika zako 3 kwa mtu aliyeko popote. Kaa hapo hapo. Lakini ukipata ufadhili, njoo, usimsikilize mtu, hata mie, maana hapa kuna vyumba vya kurekodi vilivyo kimya mpaka unasikia damu yako mwenyewe, na kuna watu watakaokaa na wewe saa 3 juu ya sauti ya mlango. Ila usikope. Ami akijitolea kuuza kiwanja mkatalie, kwani kila mwaka wa viza unalipia ada ya afya pauni 776 kabla hujapanda ndege, na hiyo si karo. Na ukija, njoo na fidla ya bei rahisi.

Hilo la mwisho lina sababu. Hita za huku zinakausha hewa ya chumba. Januari usiku nilisikia "tak", nikadhani mtu amegonga dirisha. Nilipowasha taa, uso wa udi umepasuka, kutoka kwenye tundu mpaka karibu na daraja. Nilikaa nao mapajani mpaka alfajiri. Na Mungu anisamehe, wazo langu la pili lilikuwa: mbona sikurekodi.

Fundi anataka zaidi ya ninachopata kwa wiki mbili. Mwambie Ami bawaba za mlango zitasubiri. Au usimwambie, nitatuma mwezi ujao, udi ndio usubiri. Kabla hawajaubadilisha, urekodi ule mlango wa Bibi kwa simu yako, ukifunguka na kufungwa, mara 12, simu uiweke karibu, na huyo muuza urojo awe ameshaondoka. Habari za udi zisimfikie mama.