Mgoni alikuja msibani kwetu, naweza kumdai?

SWALI: Shikamoo mama wakili. Mume wangu ni dereva wa lori, safari zake ni za Tunduma. Tulifunga ndoa kanisani 2011, tuna watoto watatu. Ana mwanamke hukohuko Tunduma na sasa ni miezi minane hajarudi nyumbani. Nilimpigia yule dada, akanijibu, “Mimi aliniambia ni mgane.” Muongo! Baba mkwe alipofariki mwaka jana alikuja msibani, tukamenya naye vitunguu, ananiita wifi! Nataka anilipe milioni 20 akome. Ila majirani wanasema kesi ya ugoni ni ya wanaume tu.
Mke wa dereva, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Hao majirani wamepitwa na miaka zaidi ya hamsini. Kifungu cha 72 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinampa mume au mke haki ya kumdai fidia mtu aliyezini na mwenzi wake. Si lazima udai talaka kwanza, na unaweza kuanzia hata mahakama ya mwanzo.

Ila hilo neno “mgane” usilidharau. Huyo dada ama ana bahati ama kuna mtu kamfundisha, maana mdaiwa akionyesha kwamba hakujua mwenzake ana ndoa, na hata angeuliza-uliza asingejua, kesi inakufa. Ndiyo maana vitunguu vyako vimenifurahisha kuliko meseji zozote ulizonazo. Mtu hamwiti mke wa mgane wifi! Hata kama walianza kabla ya msiba, tangu siku ile hana pa kujifichia. Nani mwingine alikuwa jikoni? Nani alimsikia akikuita hivyo? Hao ndio mashahidi wako.

Usiende Tunduma kuvunja mlango wa gesti. Nilipokuwa karani wa mahakama niliwaona waliofumania, wakapiga, wakarekodi video, wakamlazimisha mtu asaini deni. Wakaishia wao kizimbani. Mahakama haidai fumanizi, mazingira yakitosha inaona yenyewe. Meseji usizifute, simu usiiuze.

Kuhusu milioni 20: “akome” lisionekane kwenye hati yako ya madai. Kifungu cha 74 kinasema fidia hii isiwe na chembe ya adhabu. Hakimu ataangalia mila za jamii yenu, na kama mlikuwa mnaishi pamoja au mmetengana. Hiyo miezi minane wataitumia dhidi yako, watasema ndoa ilishakuwa jina tu. Kwa hiyo andika tarehe: lini aliaga anakwenda safari, lini alituma ada ya mwisho, lini alikata simu. Ieleweke kwamba hamkuachana, aliaga kama kawaida akanogewa. Hata hivyo, milioni 20 sikuahidi.

Cheti cha ndoa unacho, naamini. Ninachotaka zaidi ni daftari la rambirambi la ule msiba. Kama alitoa hata elfu tano, jina lake limo. Liko kwa nani? Kalichukue kabla shemeji zako hawajajua kwa nini unalitafuta.