Bustani na watoto hapa Lubumbashi: acheni tomati, anzeni na lengalenga

Wazazi wenzangu wakitaka kulima na watoto nyumbani, wengi hukimbilia tomati. Mimi nawaambia wangoje kwanza. Tomati inataka miezi mitatu hivi, inataka vijiti vya kuegemea, inaugua mvua ikizidi, na mtoto wa miaka mitano hana subira hiyo. Mpe lengalenga (mchicha). Kukiwa na joto na maji yakiwepo, siku chache tu vijani vinachomoza, na baada ya wiki tatu au nne mboga iko chunguni. Mtoto anaila kabla hajasahau kwamba ni yeye aliyeipanda.

Mbegu zake ni ndogo mno, na mkono wa mtoto huzimwaga zote mahali pamoja. Changanya kijiko cha mbegu na kikombe cha mchanga mkavu, ndipo umpe anyunyize. Fukieni kidogo sana. Zikiota zimebanana, sasa mwache ang'oe, maana watoto wanapenda kung'oa kuliko kupanda. Hivyo vilivyopunguzwa vinaliwa pia. Mimea inayobaki msiing'oe. Ikateni juu, mwache shina na majani machache, itachipua tena.

Jambo ninalosisitiza kuliko yote: kila mtoto awe na chake. Nyumbani kwetu ni mfuko wa unga wa kilo 25 uliojazwa udongo na kutobolewa chini, na jina la mwenyewe limeandikwa kwa rangi. Ukimtuma mtoto amwagilie bustani ya mama, hiyo ni kazi kama kuosha vyombo, atakimbia. Mfuko wenye jina lake atauamkia asubuhi bila kutumwa. Mstari wake ukipinda, uache umepinda. Usiende usiku kumnyooshea. Atajua, na kuanzia siku hiyo bustani itakuwa yako.

Udongo wetu mwekundu ni mzuri kwa macho lakini umechoka na una asidi. Dawa yake tunaishi nayo: udongo wa kichuguu. Una chokaa zaidi na unashika maji vizuri. Kama kwenye parseli (kiwanja) yenu au kwa jirani kuna kichuguu cha zamani ambacho watu hawajakimaliza kwa kufyatua matofali, ombeni ndoo mbili. Watoto waupondeponde (kazi hii hawachoki nayo), kisha mchanganye na samadi ya mbuzi iliyokwisha kuoza na udongo wa kawaida. Usitumie wa kichuguu peke yake, ukikauka unakuwa tofali kweli.

Sasa neno ambalo halipendezi. Mji huu umezaliwa na shaba, na vumbi lake bado lipo. Utafiti uliotolewa mwaka 2009 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, ulipima mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Kobalti, madini yanayochimbwa pamoja na shaba, ilikuwa nyingi, na kwa watoto ilizidi ya wakubwa. Mtoto anashika udongo, kisha anapeleka vidole mdomoni. Kwa hiyo ukikaa karibu na kiwanda, au parseli ikiwa kando ya barabara ya malori, usilime ardhini: tumia mifuko, na udongo utoke mbali. Mboga za majani hushika vumbi, zioshwe maji mawili au matatu. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa bukari (ugali), hata kama kadogo analia njaa. Mahali penye mashaka, maboga ni afadhali kuliko majani.

Na boga lina mchezo wake. Maua ya kwanza kwa kawaida ni ya kiume, yamesimama juu ya kikonyo chembamba, na watu hulalamika kwamba mmea hauzai. Ngojeni. Ua la kike huja baadaye, na chini yake kuna kiboga kidogo kimeshaumbika. Asubuhi mapema, kabla maua hayajajifunga, mtoto wenu mkubwa achume ua la kiume, aondoe petali, apake ile poda ya njano ndani ya la kike. Wangu alipofaulu mara ya kwanza alitangaza avenyu nzima kwamba yeye ndiye baba wa boga.

Kuhusu majira: vakansi kubwa (likizo ya shule) inaangukia kwenye baridi ya mwezi wa saba, na lengalenga wakati huo inakua kwa uvivu. Pandeni vitunguu na shu (kabichi). Lengalenga irudi mwishoni mwa mwezi wa nane, joto linapoanza. Robine (bomba la maji) ikikauka, na inakauka, wekeni akiba ya maji yaliyooshea mchele na mboga. Toboeni kizibo cha chupa ya plastiki kwa msumari wa moto, kazi hiyo ifanywe na mkubwa, na kila mtoto atakuwa na chombo cha kumwagilia kinacholingana na mkono wake.

Kuku wa jirani watakuja. Zungusheni matawi ya miiba mapema, kabla ya kupanda. Na mvua za mwezi wa kumi na moja zikishika, bakizeni shina moja la lengalenga lichanue mpaka kichwa kikauke. Likung'uteni juu ya gazeti, mbegu ziwekwe kwenye bahasha pahali pakavu. Kutoka shina moja mtapata za mifuko yote, na za kumgawia jirani mwenye kuku.