Jibu: Magazeti ya Maine ni ya nani sasa?

Umeuliza kwa nini Portland Press Herald, gazeti la mji wa Portland katika jimbo la Maine, Marekani, linabadilisha wamiliki kila mara, na kama ni mali ya kampuni inayotoa USA Today, iliyojulikana kwa jina la Gannett. Hapana. Guy Gannett, aliyeunganisha magazeti mawili ya Portland mwaka 1921, ni mtu mwingine na kampuni yake ni nyingine. Watu wengi huchanganya majina hayo.

Familia yake ililishika hadi 1998, likauzwa kwa Seattle Times, kampuni ya akina Blethen ambao asili yao ni Maine. Matangazo yakahamia intaneti, madeni yakabana, wakauza 2009. Baadaye likapita kwa tajiri Donald Sussman, kisha 2015 kwa Reade Brower, ambaye alinunua karibu magazeti yote ya kila siku jimboni. Bangor Daily News halikuingia mkononi mwake. Hapo ndipo mimi niliingiwa na hofu: mtu mmoja akichoka au akifa, jimbo zima linabaki gizani.

Mwaka 2023 aliyauza kwa National Trust for Local News, shirika lisilotafuta faida. Ni nafuu, ila 2025 nalo lilipunguza wafanyakazi, kwa hiyo mishahara ya waandishi bado ni tatizo.

Kama uko Portland au Lewiston, tafuta pia gazeti la Amjambo Africa. Lilianza 2018, mmoja wa waanzilishi ni Mkongo, Georges Budagu Makoko, na lina kurasa za Kiswahili kabisa. Msomee mama nyumbani.